Mafua ya Bashiru Kabla ya Akika

Julai ile upepo wa Makambako uliingilia mkono wa koti na kutokea kwenye kola. Kijiweni kwa Mzee Seleman, muuza kahawa, karibu na stesheni, palikuwa na benchi moja, birika moja, vikombe sita na karai moja la kusuuzia. Bashiru, utingo wa malori, alipata mtoto wa kwanza Jumamosi. Jumapili kijiwe kizima kikampongeza kwa kahawa. Jumanne mama na mtoto wakarudi kutoka hospitali, na siku hiyohiyo Bashiru akaanza kupiga chafya. Mama mkwe wake, Bi Rukaiya, akasimama mlangoni: haingii mtu chumba cha mzazi na homa ya mafua. Sasa ni Alhamisi. Akika ni kesho, na Bashiru hajamshika mwanawe. Kumsaidia apone, kijiwe kilipiga marufuku kupeana mikono.

Bashiru: Chya! Jamani, kesho mwanangu anapewa jina, mimi nachungulia kama mwizi!

Seleman: Kunywa. Tangawizi nimezidisha. Dawa ya moto ni moto.

Odilo, mkulima wa viazi kutoka Kifanya, husoma kila gazeti lililofungiwa maandazi, ndiyo maana wanamwita Profesa.

Odilo: Mnatafuta mbali. Ni hii biashara huria. Mzungu anapenga kamasi kwenye sweta, analifunga kwenye belo la mitumba, sisi tunalipokea kwa foleni.

Abdulsalam, muuza mitumba, jina lake kijiweni ni Belo. Aliruka kama kakanyagwa.

Belo: Na hilo koti lako, Profesa, lilifumwa Kifanya?

Odilo: Hili nililianika siku mbili. Mchagua jembe si mkulima.

Belo: Mafua yanakuja na treni! Yanapanda Zambia bila tiketi, yanashuka hapa.

Bashiru: Kwa nini yasiende mpaka Dar?

Belo: Dar joto, yatakufa. Yana akili kuliko wewe.

Odilo: Kuna padri Mjerumani aliniambia kwao wazee huchomwa sindano ya mafua kabla ya baridi. Kila mwaka.

Belo: Kila mwaka? Sindano gani hiyo isiyoshiba?

Odilo: Mafua yanabadilika sura kila mwaka. Kama bei zako.

Bashiru: Nichomeni mimi!

Odilo: Umechelewa. Ni ya kabla ya kuugua, na huku sijaiona.

Seleman: Kinga ni bora kuliko tiba. Ndiyo maana nasema kunywa.

Belo: Basi niwaambie siri. Ni redio za watu binafsi. Tangu ziruhusiwe, sauti zinagongana angani, na vumbi lake ndilo linatuingia puani.

Bashiru: Mbona hapa hazisikiki?

Belo: Ndiyo hivyo! Wenzetu wanapata muziki, sisi tunaachiwa vumbi.

Benchi lilitikisika kwa kicheko, kisha kwa kikohozi. Hakuna aliyemwona Bi Rukaiya mpaka aliposimama mbele yao.

— Shikamoo, mama, — Bashiru alisema, akiinuka.

— Marahaba. Kaeni, mnywe.

Alitazama. Odilo alimaliza kahawa yake, Seleman akachovya kikombe hicho karaini, akakizungusha mara moja, akakijaza, akampa Bashiru. Maji ya karai yalikuwa na rangi ya kahawa.

— Mikono hampeani, naona.

— Hatupeani kabisa! — Belo alisema kwa fahari. — Tunamlinda baba mtoto.

— Vizuri. Hicho kikombe, Bashiru, tangu asubuhi wamekinywea wangapi?

Bashiru alimtazama Odilo. Odilo akamtazama Belo. Belo akatazama stesheni.

Seleman alibeba karai, akamwaga maji barabarani, akatumbukiza vikombe vyote sita kwenye sufuria ya maji yaliyochemka.

— Twende, — Bi Rukaiya alisema. — Utafunga leso puani, usimame nje ya dirisha. Nitakunyanyulia mwanao. Na jina, kesho, utalitaja hapohapo.

Bashiru alikuwa ameshavuka barabara. Hajawahi kuonekana mkwe akimwacha mama mkwe nyuma namna ile, na Bi Rukaiya mwenyewe alicheka mpaka akashika ubavu.

Vikombe vilibaki vikigongana ndani ya sufuria.

Belo: Profesa, mimi nilianza kukohoa Jumatatu. Wewe?

Odilo: Jumanne. Mzee Seleman, wewe?

Seleman alivikoroga vikombe kwa mwiko.

— Jumapili, — alisema. — Asubuhi. Kabla hatujaanza kumpongeza.