Samli Iliyochacha Damuni

Sogeeni, wanangu. Nizari, kaa hapa kushoto kwangu, na wewe Rula funga hilo dirisha, kelele za soko zinanimalizia pumzi, nami hizi chache zilizobaki nataka nizitumie kusema nanyi.

Duka letu la vitamu, la kunafa na baklawa, ni lenu wawili, msilikate vipande. Nyumba ni ya mama yenu. Hayo ni mepesi. Zito ni hili la damu.

Ami yenu Wajdi alianguka mbele ya tanuri, sinia la baklawa mikononi, na umri wake miaka arobaini na mmoja. Nami, ulimi hauna mfupa, nikasema mbele ya waombolezaji kwamba mkewe Hiyamu ndiye aliyemuua kwa maneno yake makali. Akanitazama, akasema, "Shemeji, Mungu akusamehe, maana mimi sijui kama nitaweza." Tangu siku ile, miaka kumi na minane, sijakanyaga mlangoni kwake.

Kisha moyo wangu nao ukaanza kubana. Daktari Rihabu alikuwa akiwapima watu wenye lehemu nyingi, yaani mafuta mengi damuni, akaniingiza kundini. "Ami Bahiji, wewe ni mtu wa samli," aliniambia. "Ukiiacha wazi juani, inakuwaje?"

"Inachacha, binti yangu. Hata paka haigusi."

"Basi na mafuta ya damu huchacha, na yakichacha ndipo yanapoudhuru mshipa na kuuziba."

Akanipa dawa, akaniamuru na nitembee haraka kando ya bahari, asubuhi tano kwa wiki, mpaka shati lilowe. Baada ya miezi minne akanipima tena, akafurahi: mafuta yenyewe yalipungua kidogo tu, lakini yaliyochacha yalishuka sana, kwa kuwa mwili uliozoea jasho hujifunza kujilinda. "Ila mafuta ya kwenu ni ya urithi, ami, ndiyo yaliyomuua na nduguyo. Tembea, na dawa usiache."

Nikasikia nusu. Nikatupa dawa, nikatembea kwa kiburi, nikiwacheka wenzangu waliokaa na kahawa zao. Kutembea hakukunidanganya, nilijidanganya mwenyewe, na leo ndiyo haya mnayoyaona.

Rula, usilie, bado sijafika penyewe.

Mnakumbuka Daktari Rihabu alivyowatoa damu awapime nanyi, mwaka ule Nizari alipokuwa anaposa? Niliwaambia majibu ni mazuri. Rula, yako yalikuwa mazuri kweli. Nizari, mwanangu... yako yalikuwa mabaya kama yangu. Niliogopa wakwe wasije wakakurudishia posa, nikaichana karatasi. Miaka tisa nimekutazama ukipanda ngazi na magunia ya lozi, nikihesabu pumzi zako badala ya zangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeficha ya mwanangu.

Nitukane, ukitaka.

"Baba, wanangu je?"

Ndiyo, Nizari. Na hao pia. Wapelekwe wapimwe, wote watatu. Na watoto wa Wajdi na Hiyamu nao. Nenda kwa Hiyamu wewe mwenyewe, mwambie Bahiji amekiri kwamba kilichomuua Wajdi ni damu yetu, si ulimi wake yeye, na akikufungia mlango, usiondoke.

Rula, nipe maji... kidogo, basi.

Mungu awafanyie wepesi. Awape nyoyo za kudumu... awape wazee wasiowaficha kitu. Nizari, maabara inafunga saa kumi. Inuka, mwanangu. Usiningojee. Radhi yangu unayo... nenda, nenda sasa.