Vijiti Vyekundu vya Zenon Radzewicz

Padre, shemeji yangu Jadwiga, watoto, majirani wa Suwałki, na ninyi nyote mliokuja na sepetu za theluji kwenye magari kwa sababu mkitoka hapa mnakwenda kazini, mimi ni Kazimierz, mdogo wake marehemu, na familia imenikabidhi karatasi hii niwasomee maisha ya kaka yangu, ingawa niliwaambia wazi kwamba mtu aliyemwonea mwenzake wivu kwa miaka sitini na saba si msomaji mzuri wa historia yake, wakanijibu kwamba ndiyo maana tarehe zote nitakuwa nazikumbuka.

Marehemu Zenon Radzewicz alizaliwa tarehe 17 Januari 1954 katika kijiji cha Olszanka Stara, akiwa mtoto wa kwanza wa Feliks na Marianna Radzewicz, siku ambayo theluji ilikuwa imefunika ua wote wa nyumba, hata mkunga ikabidi aletwe kwa gari la kuteleza lililovutwa na farasi wawili, na mama aliisimulia habari hiyo kila Krismasi mpaka alipofariki. Mimi nilizaliwa tarehe 9 Machi 1956, siku ya tope, mkunga akaja kwa miguu, na hakuna aliyewahi kuisimulia.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1961 hadi 1969, kisha akajiunga na shule ya ufundi wa bustani hapa mjini, akahitimu tarehe 15 Juni 1973 akiwa wa kwanza darasani. Mimi nilimfuata shule hiyohiyo miaka miwili nyuma, na kila mwalimu aliyeingia alisema, "Aa, mdogo wake Zenon!", akaniketisha mbele, na baada ya mwezi mmoja akanirudisha nyuma bila maelezo.

Tarehe 1 Septemba 1973 aliajiriwa kutunza bustani za mji, akafanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na tarehe 2 Mei 1996 alianza kazi yake mwenyewe kwa trekta moja kuukuu, akapewa kutunza viwanja vya jengo la maduka lililoko barabara ya kwenda mpakani, kiangazi nyasi na maua, kipupwe theluji, barafu na vichaka. Mwaka 1998 nami nikachukua viwanja vya ghala la samani lililotazamana na jengo lake, ng'ambo ya barabara, wala haikuwa bahati, nililitafuta makusudi ili kila asubuhi akifika anione nimemtangulia, na katika miaka yote hiyo sikumtangulia hata siku moja.

Wengi wenu mnaijua kazi hii, mnajua kwamba kipupwe hushindwa au hushinda mwezi wa Oktoba. Kila Oktoba, kabla ardhi haijaganda, Zenon alizunguka viwanja vyake na mzigo wa vijiti alivyovipaka rangi nyekundu, akipigilia kimoja kila kona ya ukingo wa saruji, kila bomba na kila kitalu, ili theluji ikishafunika kila kitu trekta ijue pa kupita. Mimi nilisimama upande wangu nikamwita mbele ya vijana wake, "Zenon, unapanda nini, maharage?", naye akanijibu bila kuinua kichwa, "Cheka tu, Kazik, trekta yako haina macho." Theluji ya kwanza ilianguka tarehe 28 Novemba 1998, na kabla ya saa tatu asubuhi nilikuwa nimeng'oa mawe kumi na moja ya ukingo na bomba moja la maji, na wafanyakazi wa pande zote mbili walitoka na vikombe vyao vya chai kuja kuangalia.

Alifunga ndoa na Jadwiga Mroczko tarehe 14 Oktoba 1978, ndoa iliyodumu miaka arobaini na mitano. Karatasi ya familia inasema walikutana katika harusi ya binamu yetu, nami naongeza ambacho karatasi imekisahau, kwamba Jadwiga alikuwa amecheza na mimi dansi tatu, na ni mimi niliyemwambia kaka yangu, "Niangalizie huyu dada, nakwenda kuchukua vinywaji." Aliangalia vizuri. Mungu aliwajalia watoto wawili, Dorota aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1981 na Łukasz aliyezaliwa tarehe 22 Februari 1984, mimi nina watatu, hapo nilimpita, na wote mnajua sikuacha kulitaja.

Sasa karatasi inaruka kutoka kwa watoto hadi kwenye ugonjwa, lakini mimi siruki, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa mbele yenu nina maradhi niliyoyaficha miaka kumi na minne.

Mnaikumbuka ile miwaridi ya Zenon kwenye lango la maduka, miche mia mbili na sita, kila Novemba akiivisha mabua ya ngano mche kwa mche na kuyafunga kwa kamba, akiwakataza vijana wake kumwaga chumvi karibu nayo hata kiganja, mchanga tu, maana chumvi huyeyusha barafu leo na huunguza mizizi kesho. Kila Juni maharusi walikuja kupigia picha pale. Mimi pia nilipanda miwaridi, nikamwaga chumvi kwa ndoo ili wateja wasiteleze, na kila Aprili nilifungua mabua nikakuta kuni. Bosi wa ghala alinipeleka dirishani akasema, "Bwana Kazimierz, hebu angalia ng'ambo," kana kwamba nilikuwa na mahali pengine pa kuangalia.

Tarehe 30 Januari 2010, siku ya Jumamosi, baada ya wiki tatu za theluji isiyokatika, Zenon akiwa nyumbani na homa, nilizoa matrekta manne ya theluji yangu, theluji chafu iliyojaa chumvi, nikavuka nayo barabara kabla maduka hayajafunguliwa, nikaimwaga yote juu ya miwaridi ya kaka yangu. Nilijiambia kwamba kwangu hakukuwa na nafasi. Nafasi ilikuwepo nyuma ya ghala.

Mei ikafika, miwaridi haikuchipua. Nilimwona Zenon akiing'oa mmoja mmoja kwa mikono, nikamwona akichukua udongo kidogo akauweka ulimini, akatema, akanyanyua macho ng'ambo ya barabara, nami nikampungia mkono kumsalimu, naye akanipungia. Wenye maduka wakamwaga kokoto nyeupe pale, maharusi wakahamia kwenye bustani ya kanisa, nami nikakaa kungoja nifurahi. Furaha haikuja, kilichokuja ni kwamba nilianza kuzionea wivu hata zile kokoto, kwa kuwa hazikuungua. Hakuwahi kuniuliza lolote, kila mkesha wa Krismasi aliumega mkate mwembamba pamoja nami na kunitakia heri na afya, na mimi nikaona, mjinga mimi, kwamba hapa angalau nimemzidi akili.

Ugonjwa wake ulianza mwezi wa Machi 2023 kwa kikohozi, vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye pafu la kushoto, akafanyiwa upasuaji tarehe 18 Aprili, akarudi nyumbani, akapata nafuu kiasi cha kukata nyasi mwenyewe, kisha tarehe 23 Oktoba akalazwa tena. Nilikwenda kumtazama tarehe 27 na bakuli la madonge ya viazi yenye nyama aliyoyapika mke wangu, naye akaniambia, "Kazik, vijiti viko nyuma ya mlango wa stoo, kavipigilie kabla ardhi haijaganda." Nikamuuliza, "Upande wako au wangu?", akasema, "Wangu, wewe lini ulikuwa na vijiti?" Nikacheka. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Na safari hii, mdogo wangu, chumvi yako ibaki kwako."

Yeye alifunua bakuli akauliza kama madonge yana kitunguu. Nilitoka pale wodini na aibu, lakini kabla sijafika kwenye ngazi niliona na wivu nao umo, umo vilevile, kwa sababu alikuwa amenisamehe miaka kumi na mitatu bila kumwambia mtu, na mimi katika jambo hilo pia sitamfikia. Nimevipigilia vijiti vyote, mia moja na themanini, vimesimama hadi leo.

Aliruhusiwa kutoka tarehe 31 Oktoba ili awahi sikukuu ya Watakatifu Wote, akamwomba Łukasz amlete hapa makaburini na marobota mawili ya mabua, nasi tukadhani anayavisha maua ya kaburi la mama kama kawaida yake. Alifariki nyumbani kwake, siku ya Jumanne tarehe 9 Januari 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Jadwiga, siku nane kabla ya kutimiza miaka sabini. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na mdogo wake mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliomletea shemeji supu na kuni bila kuombwa, na wafanyakazi wa pande zote mbili za barabara waliofungua njia hii ya makaburi alfajiri ya leo kwa mchanga mtupu, bila punje ya chumvi, kwa ajili ya ua wa miti ulioko pembeni. Nimehesabu mashada ya maua, ni arobaini na moja, siku yangu sitarajii hata nusu yake.

Neno la mwisho halimo kwenye karatasi. Jana wachimba kaburi waliniita, baridi ikiwa nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri, kila mahali ardhi ikigonga kama chuma, wakaniambia, "Mzee Kazimierz, hapa chini ya mabua udongo ni laini, tumechimba bila shida, ila mabua yamefunika nafasi mbili, hii nyingine ya nani?" Nafasi hiyo nyingine, ubavuni mwake, ni yangu, ya shemeji iko upande wake wa pili. Roho iliniuma kwamba hata hapa amenitangulia na kunifanyia kazi yangu, kisha nikakaa juu ya sepetu nikalia, na mabua ya kwangu nimewaambia wayaache.

Lala pema, kaka yangu Zenon, theluji ya leo niachie mimi.