Shali ya Mama Mkwe

Benchi lenyewe liko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi. Mguu wake mmoja ulivunjika zamani, ukawekewa tofali, kwa hiyo anayekaa upande ule hukaa kwa adabu hata kama hakulelewa hivyo. Kahawa hutoka kwenye chupa ya kinyozi, naye humimina nusu kikombe na kusema ndivyo wanavyokunywa watu wenye akili. Huyo kinyozi wanamwita Daktari, maana hakuna kichwa kinachopita mbele yake asikijue kinaumwa nini. Mwenzake ni Macho Kavu, mlinzi wa ghala la jirani, anayepitia hapo alasiri kabla ya zamu na ambaye huweza kusinzia katikati ya sentensi yake mwenyewe. Wa tatu ni Fundi Breki, fundi wa magari, mikono minene, maneno machache. Siku hiyo alifika na mfuko, akaupakata, akanywa kahawa bila kuufungua.

— Umebeba bomu? Daktari akamuuliza.

Fundi Breki akatoa shali ya uzi wa bluu, sindano yake yenye kikulabu bado imening'inia pembeni. Wenzake walijua siku nyingi kwamba anajifunza kufuma. Walikwisha kumtania mpaka utani ukaisha ladha. Ila kazi yenyewe hawakuwahi kuiona, na sasa walipoiona, Daktari alikohoa ili asicheke.

— Ilianza na upana huu, Fundi akasema, akatanua mikono. Sasa imefika hapa.

Akaonyesha vidole vinne.

Ikabidi awaeleze, na kwa mtu kama yeye ilikuwa kazi kuliko kufungua gia boksi. Mama mkwe wake alihamia kwao baada ya kiharusi. Ugonjwa ulimchukulia maneno yote, ukamwachia mikono inayotetemeka. Mkewe Fundi hufunga duka usiku, kwa hiyo jioni nyumba hubaki na watu wawili tu, mtu na mama mkwe wake. Na kusema ukweli, miaka yote ya ndoa hao wawili hawakuwa na mazungumzo. Ilikuwa shikamoo mama, marahaba baba, kisha mmoja wao anakumbuka kuna kitu jikoni.

Halafu jioni moja mama akatoa nyuzi zake za zamani. Alipoona mkwewe anamtazama, akamvutia kiti. Akaanza mistari michache ya chini, akampa sindano. Kueleza hakuweza, basi Fundi akafuata mikono. Hata breki alijifunza hivyo hivyo, kwa kumtazama bosi wake. Tangu hapo hakuna jioni waliyokosa, wakipokezana sindano mstari kwa mstari.

— Sasa tatizo liko wapi? Macho Kavu akauliza.

Tatizo lilianzia kwa fundi cherehani wa mtaani kwao, aliyeiona shali ikianikwa akacheka. Akamwambia: kila ukifika mwisho wa mstari, unaruka tundu la mwisho, ndiyo maana inapungua. Fundi akarudi nyumbani, akamwangalia mama vizuri. Kweli. Mama akifika ukingoni mkono unatikisika, kikulabu kinalipita tundu la mwisho, naye anageuza kazi na kuendelea.

— Nilidhani ndivyo kona inavyokatwa, Fundi akasema. Nikaiga, kila mstari, bila kukosa hata mmoja.

Akaikunja shali kidogo, akaikunjua tena.

— Nikiifumua, ni sawa na kumwambia mkono wake umekosea. Huyu mama alifuma vitambaa vya viti vya mtaa mzima. Maneno yamekwenda. Na hiki nacho nimnyang'anye?

Daktari hakuhitaji muda wa kufikiri, hajawahi kuuhitaji. Alisema ufumuaji hauna mjadala. Yeye akikosea kichwa cha mteja hashiki pale alipokosea tu, anashusha chote mpaka kipara, na mteja anaondoka akijiona mpya. Macho Kavu akakataa katakata. Uzi uliofumuliwa, alisema, hutoka umejikunjakunja, umenuna, na ukiufuma tena utalipa kisasi. Bora shali iachwe ilivyo, watu waambiwe ni mtindo mpya, upande mmoja wa mabega, upande mwingine wa kufutia miwani.

— Mama havai miwani, Fundi akasema.

— Atanunuliwa.

Daktari akajimiminia tena na kuja na jingine. Hapa hakuna mkono uliotikisika, alisema. Huyu mama anakupima. Wakwe wote hupima. Anataka kuona utafuata makosa mpaka wapi kabla hujalalamika, na ukilalamika, binti anarudi kwao.

— Atarudi kwao wapi, na mama yuko kwangu?

Daktari akasema hilo ni suala la utekelezaji.

Macho Kavu alikuwa amefumba macho, wakadhani amekwenda zake usingizini. Kumbe alikuwa anapika lake. Akaivuta shali, akaitandaza kwenye mapaja ya wote watatu, akaanza kupapasa ukingo.

— Mtu aliyenyang'anywa maneno hawezi kukaa nayo tumboni. Lazima ayatolee mahali. Haya matundu yaliyorukwa ndiyo maneno yake. Anakuandikia, bwana. Hapa anasema chai yako ina sukari nyingi. Hapa anasema punguza sauti ya redio.

— Na hapa? Daktari akauliza, ameshaingia mzima mzima.

— Hapa anamsema kinyozi fulani.

Walicheka. Fundi Breki alicheka pia, lakini aliinama kuutazama ule ukingo zaidi ya ilivyohitajika kwa mzaha. Angetamani sana iwe kweli. Kuna jioni ambazo mama humtazama muda mrefu, midomo inajaribu, kisha anaacha na kushika uzi.

Upande wa tofali alikuwapo mwanamke aliyeleta simu kuchajiwa kwa kinyozi. Alikuwa amekaa kwa adabu muda wote, akisikiliza mambo yasiyomhusu. Sasa akasogea.

— Samahanini. Hiyo shali inazidi kupungua, si ndiyo?

— Kila siku, Fundi akajibu.

— Basi ikifika ncha itakuwa imekwisha.

— Itakuwa imekwisha.

— Sasa jioni wewe na mama mtakuwa mnakaa mnafanya nini?

Daktari akamimina kahawa, kwa mara ya kwanza tangu wamjue kikombe kizima, akampa Fundi. Macho Kavu alikuwa macho kabisa. Fundi Breki akautazama ule upana wa vidole vinne. Muda wote huo alikuwa akiogopa kumwaibisha mama, hakufikiria hata kidogo kwamba kitu chenyewe kinakaribia kwisha. Akaviona viti viwili, salamu, kisha mmoja akikumbuka kuna kitu jikoni.

— Asante, dada, akasema.

Akaikunja shali, akasimama na kahawa yake haijaisha.

— Umeamua nini? Daktari akauliza.

— Nakwenda kumwambia nimekosea.

— Lakini aliyekosea si wewe.

— Mwanafunzi ni mimi.

Njiani alijipangia maneno: vidole vyangu vinene, mama, macho yangu nayo siku hizi, na yule fundi cherehani ana umbea tu. Alimkuta uani, amevuta viti vyote viwili karibu. Akamwamkia, akakaa, akaitandaza shali magotini pa mama.

— Mama, nimeharibu kazi yako. Naomba tuifumue yote, unifundishe tena toka mwanzo.

Hakupata nafasi ya kusema mengine. Mama alishuka na kidole chake ukingoni, polepole, akitua kila palipokosekana tundu, bila kupapasa wala kutafuta. Alikuwa anajua siku nyingi. Akainua uso, akamtazama mkwewe, akacheka kicheko kisicho na sauti, upande mmoja wa mdomo.

Kisha akachomoa sindano, akamwekea ncha ya uzi kiganjani, na akamnyooshea mikono yake miwili, inatetemeka, ili uzi uzungushiwe hapo. Fundi Breki akaanza kuvuta.