Geesje Wolthuis, Aliyetufundisha Kuaga

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 2025, saa tisa alasiri, Geesje Wolthuis atavua beji yake na kustaafu, baada ya miaka arobaini na moja ya kuwahudumia wazee wa nyumba yetu ya kutunzia wazee hapa Winschoten, Uholanzi. Kamati ya kumuaga imeniomba niandike kitu cha kuchangamsha. Nimejaribu. Anayemfahamu Geesje anajua mwaka huu haukuwa wa kuchangamsha, na mwenyewe angenikaripia kama ningejifanya sijui.

Alianza mwaka 1984 chumba cha kufulia, akasomea uuguzi, akawa msimamizi wa wodi ya pili, ya wazee waliopoteza kumbukumbu. Mara mbili alipewa cheo cha ofisini akakikataa. Alisema ofisini hakuna mtu wa kuogesha.

Sisi tuliotoka nchi nyingine tunamjua zaidi kwa darasa lake la Alhamisi, tulilosoma huku tukikunja mataulo. Somo lilikuwa moja tu: namna ya kumwambia mtu kwa Kiholanzi kwamba huna budi kuondoka. Mnacheka? Huku mtu hanyanyuki tu akaenda zake. Kwanza unajipiga mapajani na kusema "zo", yaani haya basi. Halafu "ik ga maar eens", nadhani nianze kwenda, na bado umekaa. Kisha "ik moet ervandoor", sasa lazima nikimbie, na hapo ndipo unatafuta koti. Asubuhi una vyumba vinane, na kila chumba kina mkono unaokushika. Ukikosa maneno, ama hutoki, ama unatoka kama mwizi.

Mimi niliyachanganya vibaya. Wiki ya tatu kazini, kikao kilirefuka na basi langu lilikuwa linakaribia, nikasimama nikamwambia mkurugenzi, Bi. Dijkema, "ik stap op". Ukiwa umealikwa kahawa kwa mtu, hiyo ni kwaheri. Ukiwa kikaoni mbele ya bosi, umeacha kazi. Kesho yake nikakuta barua ya kukubali kujiuzulu kwangu. Geesje alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaenda ofisini na barua mkononi. "Huyu hajaacha kazi, alikuwa anawahi basi tu! Ukimfukuza, na mimi nitakuambia maneno hayohayo, na mimi Kiholanzi nakijua." Barua ikachanwa.

Kulikuwa na usemi mmoja aliotukataza kabisa: "ik ben zo terug", narudi sasa hivi. Mwaka 1987 alimwambia hivyo Bibi Aaltje Mulder, mmoja wa wazee wa hapa, zamu ikaisha, akapanda baiskeli akaenda kwake. Bibi Aaltje alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akakataa chakula, akakataa kitanda. "Niacheni, Geesje anakuja," aliwaambia wote. Asubuhi walimkuta sakafuni, nyonga imevunjika, na baada ya siku tisa akafa. Geesje alilisimulia hili kwa kila darasa jipya, bila kujitetea. "Sema unaenda. Kama hujui utarudi lini, sema hujui. Akilia, alie ukiwa hapo hapo."

Miaka miwili iliyopita mumewe, Roelf, fundi wa mifereji, aliletwa wodi hiyohiyo ya pili. Kila jioni Geesje alimwambia, "Roelf, naenda nyumbani. Wewe unabaki." Na kila jioni Roelf alilia upya, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza. Wapo waliomwona Geesje katili. Mimi pia, siku nyingine.

Tarehe 11 Juni Roelf alikuwa mahututi, na mimi nilikuwa nao chumbani. Kengele ya chumba cha tisa ikalia: mzee amepaliwa, na muuguzi wa zamu alikuwa Geesje peke yake. Akanipa kiti chake. Akambusu Roelf kwenye paji la uso, akamwambia, "Ik ben zo terug." Nilisikia kwa masikio yangu. Nadhani hakuwa na nguvu ya kumliza tena. Mzee wa chumba cha tisa alipona. Geesje alirudi baada ya dakika ishirini, Roelf ameshakata roho.

"Aliniulizia?" akaniuliza. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, jamani, mtamu kabisa. Nikasema, "Mara tatu. Alikuwa anatazama mlango." Geesje akakaa sakafuni.

Wiki mbili hakunisemesha. Alhamisi moja akaingia chumba cha nguo, akachukua taulo, akaanza kukunja. "Nilikuchukia, Lemlem," akasema. "Ungenidanganya ningekuchukia zaidi. Kuanzia leo darasa ni lako."

Ijumaa kutakuwa na keki, na kila mtu atamwambia tutaonana, tutapita siku moja. Nawasihi, wenzangu: asiyekusudia asiseme. Geesje na Roelf hawakupata watoto, na nyumba yao sasa ina mtu mmoja.

Geesje, ahsante kwa wazee wote uliowaogesha, na kwa sisi uliotupa maneno. Tunakutakia siku zenye uzito mdogo kuliko hizi. Nitakuja kwako Jumanne, tarehe 2 Septemba, saa nne asubuhi. Ruhusa nimeshaomba.

Lemlem Tesfay, wodi ya pili