Maisha ya Tikisa, Mchanganyaji wa Kokteli na Mshauri wa Safari za Wawili

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wateja wake ambao wengi mmekuja wawili wawili kama alivyowazoesha, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu, na mkewe, ambaye ameketi hapa mbele na ameipitia kila sentensi kwa kalamu nyekundu, ameniagiza nisome polepole na nisitie chumvi.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Jumamosi, tarehe 9 Aprili 1955, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli, baba yetu akiwa fundi cherehani na mama yetu akifua mashuka ya hospitali. Tangu akiwa mdogo alijulikana kwa pua yake, kwani alikuwa akinusa shuka lililokwisha kufuliwa na kuanikwa na kusema limetoka wodi gani, na mama alipenda kuwaambia majirani kwamba wenzake wamezaliwa na akili, huyu amezaliwa na pua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, na sekondari kuanzia 1969 hadi 1972, ambako hesabu zilimpiga chenga kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne bila kumwonea huruma. Mwezi Januari 1973 alijiunga na chuo cha hoteli akitaka kusomea upishi, lakini darasa la wapishi lilikuwa limejaa, hivyo wakampeleka kwenye darasa la vinywaji wamshikize kwa muda, na huo muda ukawa ndio maisha yake yote.

Tarehe 2 Juni 1975 aliajiriwa katika hoteli ya ghorofa nne iliyokuwa karibu na stesheni ya reli, akasimama nyuma ya kaunta ile ile kwa miaka kumi na tisa, akichanganya kokteli katika kopo la chuma ambalo alilitikisa hadi wageni wa meza ya mbali wakageuka kutazama, na hapo ndipo alipopata jina la Tikisa, ambalo limemganda hata kwenye cheti cha ndoa. Kazini hakuwa mlevi, alionja kwa ncha ya mrija tu, na alikuwa na desturi ya kumuuliza kila mgeni aliyekuja na mwenzake kitu gani mwenzake anapenda kunusa, si kunywa, halafu akatengeneza kinywaji kutokana na jibu, na wengi walishindwa kujibu, wakaanza kutazamana upya.

Mapokezi ya hoteli hiyo yalikuwa chini ya dada mmoja mkali kidogo, mwenye mwandiko mzuri, ambaye kila maharusi walipofika kwa fungate aliwapeleka kwenye kaunta ya Tikisa kabla hata hawajapewa ufunguo, akisema wakatulize vumbi la safari. Kaka yetu alimtazama dada huyo miaka miwili bila kufungua mdomo, hadi siku moja dada mwenyewe alipokaa kwenye kaunta mchana kweupe, akamwambia, “Leo nitengenezee mimi, na usiniulize napenda kunusa nini, utakuwa umeshajua,” naye akatengeneza chungwa, tangawizi na jani moja la mchaichai, akapatia. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Agosti 1981, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 5 Februari 1983, ambaye leo ni mfamasia, na kijana aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1986, ambaye ni fundi wa lifti, pamoja na mjukuu mmoja wa kike ambaye naye ameshaanza kunusa chakula kabla ya kukiweka mdomoni.

Tarehe 3 Oktoba 1994, hoteli ile ilipobadilisha wenyewe na kaunta ikavunjwa kupisha duka la simu, mume na mke walifungua ofisi yao ya chumba kimoja juu ya duka la viatu, wakawa wanawashauri watu wawili wanaopendana waende wapi kupumzika, mahali penye utulivu, penye kupendeza, na penye mtu anayejua kuchanganya kinywaji. Kila mwaka walitoa kitabu chembamba chenye hoteli ishirini, na ninyi mliokisoma mnazikumbuka, ile nyumba ya milimani yenye moto kwenye sebule na blanketi kwenye kila kiti, ile ya ghorofa ya tisa mjini yenye bustani juu ya paa, ile iliyokuwa stesheni ya zamani ambapo unakunywa ukiwa umekaa kwenye behewa lisilokwenda popote.

Namna yao ya kupima hoteli ilikuwa moja tu, nao hawakuibadilisha. Walifika bila kujitambulisha, wakakaa upande mmoja wa kaunta, wakamwambia mhudumu awatengenezee kinywaji ambacho angemtengenezea mwenzake wa nyumbani, na akileta menyu hoteli hiyo imeanguka, akitabasamu kwanza imefaulu nusu. Baada ya kunywa kila mmoja aliandika alama zake kwenye karatasi bila mwenzake kuona, wakakunja, wakazifungua chumbani, na kama alama zilipishana sana waligombana hadi chakula cha jioni, na mkewe anakiri kwamba magomvi hayo aliyapenda.

Sasa nafika mahali ambapo marehemu mwenyewe angetaka niruke, lakini kalamu nyekundu imenikataza. Mwanzoni mwa mwaka 2013 kaka yetu alipata mafua, mafua yakaisha, lakini harufu haikurudi, akawa hasikii kahawa wala sabuni wala mvua, na ulimi ukabaki kumwambia uchachu na utamu tu basi. Hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba mkewe akijua atafunga ofisi, na safari zao zitakwisha, na yeye atabaki mzee wa kukaa barazani akisubiri kuulizwa amekula nini, hivyo kwa miaka miwili na zaidi alifanya ujanja wa kumtazama mkewe usoni wakati anakunywa, nyusi zikipanda akaandika tisa, midomo ikibanwa akaandika nne. Alama zao zikaacha kupishana, magomvi yakakoma, na mkewe akadhani ndoa imekomaa.

Ujanja huo ulifika mwisho Jumapili, tarehe 17 Mei 2015, mchana, katika hoteli moja ambayo haikuingia kitabuni, ambako mhudumu alikamulia malimau kwenye kifaa ambacho jikoni walikuwa wametoka kukamulia kitunguu saumu. Bahati mbaya mkewe alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu, hivyo marehemu akakosa uso wa kutazama, akapiga funda kubwa, akafumba macho, akamsifu mhudumu kwamba tangu aanze kazi hii hajakutana na limau lenye harufu safi namna ile. Mkewe aliinuka, akanusa glasi yake, akanusa ya mumewe, akaiweka chini. “Tangu lini?” akauliza, naye akajibu, “Tangu yale mafua,” na mkewe akalia pale pale kwenye kaunta, si kwa sababu ya pua, bali kwa sababu ya kufichwa, na mhudumu masikini akadhani ni kitunguu.

Wiki ile ile alimpeleka hospitali, ikaonekana kuna uvimbe nyuma ya pua unaobana mishipa ya harufu, akafanyiwa upasuaji Jumanne, tarehe 30 Juni 2015, na daktari akasema uvimbe umetolewa sehemu kubwa ila harufu haitarudi. Wakiwa bado wodini waliahidiana kwamba hawatafichana tena jambo, liwe dogo au kubwa, hata kwa nia njema, na ahadi ya kwanza kutekelezwa ilikuwa kuandika kwenye kitabu kilichofuata kwamba alama za bwana katika vitabu viwili vilivyopita zilikuwa alama za uso wa bibi. Walijiandaa kupoteza wateja, lakini walipata wengi zaidi, na mama mmoja alipanda ngazi za ofisi akihema, akasema, “Miaka miwili anakuangalia? Wangu hata nikikata nywele hajui,” akataka apangiwe safari haraka.

Kuanzia hapo walifanya kazi kwa njia mpya, mkewe akionja na kumsimulia, yeye akipima vingine vyote, ubaridi wa glasi, ukubwa wa barafu, mikono ya mhudumu na namna kiti kinavyoupokea mgongo. Mwezi Machi 2018 uvimbe ulirudi, safari hii ukamnyang'anya mizani ya mwili, akawa hawezi kusimama wala kukaa bila kushikwa, na daktari akasema hautafanyiwa upasuaji tena. Mwezi Septemba mwaka huo alisisitiza waende safari moja ya mwisho, wakaenda kwenye hoteli mpya kando ya ziwa, na marehemu akaipa nambari moja katika kitabu cha mwaka huu, ambacho alikimaliza kitandani, akimsomea mkewe kila ukurasa kwa sauti. Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, zikiwa zimebaki siku ishirini na sita atimize miaka sitini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu upasuaji hadi mwisho, na hasa yule muuguzi aliyekubali kufundishwa kutikisa maji ya machungwa katika chupa ya dawa, inawashukuru majirani waliopokezana kumnyanyua, wahudumu wa kaunta waliosafiri kutoka mbali na kuja na tai zao za kazi, na mwenye duka la viatu, ambaye kwa miaka ishirini na minne amevumilia sauti ya barafu juu ya kichwa chake. Wateja mjue pia kwamba kitabu cha mwaka huu kitachapishwa upya, kwa sababu mtakayoisikia sasa hivi.

Imebaki sehemu ambayo haikuwamo kwenye karatasi hii hadi leo asubuhi. Shemeji yangu ameiandika kwa mkono wake, na ameomba niisome nikiwa nimeligeukia jeneza, hivyo mtaniwia radhi nikiwapa mgongo.

Mume wangu, tuliahidiana tusifichane, nami nimekuficha jambo kwa miezi sita. Kile kinywaji cha hoteli ya ziwani kilikuwa kibaya, kilikuwa sukari tupu, na barafu ilinuka samaki. Uliipa nambari moja kwa sababu uliniona natabasamu. Siku ile ulipanda kiti kirefu cha kaunta mwenyewe, bila kunishika, ukageuka kunitazama, ndiyo maana nilitabasamu, na nikakosa moyo wa kukwambia mengine. Sasa umejua.

Pumzika, kaka yetu, na amani ikae nawe.