Umeona ama Umesikia? Maisha ya Mzee Erasto Nyagaka Ogoti (1962–2025)

Bwana asifiwe. Mimi ni Janefer, kitinda mimba wa baba yetu, Mzee Ogoti. Nimepewa kusoma habari za ndugu yangu kwa sababu, wanasema, nina sauti kubwa. Sikatai.

Marehemu Erasto Nyagaka Ogoti alizaliwa tarehe 12 Machi 1962 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai karibu na mji wa Kericho, ambako wazazi wetu walikuja kutoka Kisii kuchuma majani. Alikuwa mtoto wa maswali. Siku moja mama alipiga kelele kwamba nyoka ameingia jikoni. Watoto wote walikimbia nje, lakini Nyagaka alisimama mlangoni akauliza, "Mama, umeona ama umesikia?" Alichapwa vizuri, lakini swali hilo hakuliacha maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi pale shambani, kisha Kericho High School, alikomaliza kidato cha sita mwaka wa 1981. Alihitimu jiolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1986.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na serikali upande wa madini, akahudumu hadi alipostaafu Machi 2022. Alikuta ripoti za utafiti zimerundikwa kwenye makatoni, nyingine zimeliwa na panya. Yeye na wenzake walizihamishia kwenye kompyuta, na kwa miaka mingi ndiye aliyesimamia mfumo huo. Anayetafuta madini angeweza kuona ni wapi pameshatobolewa, mawe gani yalitoka, na nani ana leseni. Wako waliotaka mashimo ambayo hayakupata kitu yaachwe nje, eti yanajaza nafasi bure. Alikataa kabisa. Alisema mtu akiambiwa mapema kwamba mahali hapana kitu, ameokolewa.

Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na Rodah Chepkurui hapa Litein. Walinunua shamba hili, wakapanda chai, wakajaliwa watoto watatu. Shemeji yangu anajua kuishi na mtu wa ushahidi. Akisema sukari imeisha, mzee anaenda kufungua mkebe mwenyewe. Hata hivyo walipendana sana, na hilo nimeliona kwa macho yangu.

Mwaka wa 2016 madalali walifika hapa wakisema chini ya chai yetu kuna dhahabu. Watu wang'oe chai, wapeane mashamba yachimbwe, watajirike. Jirani yetu Mzee Kipngeno alikuwa ameshaita vijana wa kung'oa. Nyagaka alitoka kazini Nairobi akaja na kompyuta yake pale kituo cha kuuzia majani, siku ambayo watu wamejaa. Nilikuwepo.

"Kipngeno, hiyo dhahabu umeona ama umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi kuja uone."

Akamwonyesha ramani ya kilima hiki chetu, na mashimo ambayo watafiti walitoboa zamani, wakatoka mikono mitupu. Mzee Kipngeno aliangalia, kisha akasema mbele ya watu wote, "Wewe Nyagaka ni mtu wa kuja. Haujui mchanga ya hapa."

Watu waliondoka wamenuna. Wengine walisema amehongwa atufiche utajiri. Lakini Mzee Kipngeno aliwarudisha vijana nyumbani, na hapa kwetu hakuna mche uliong'olewa. Ng'ambo ya mto waling'oa, madalali wakatoweka, na watu wa huko walianza upya na viazi.

Salamu zilirudi polepole, lakini lile neno "mtu wa kuja" halikufutwa. Lilimuuma sana. Aliwahi kuniambia, "Janefer, hapa ndipo nimejenga na hapa ndipo nataka nilale. Lakini sijui kama watanizika kama mtu wao."

Mwaka wa 2023 alianza kuugua figo. Alitibiwa Kericho na Nairobi, na kila daktari aliulizwa kama ameona ama amesikia. Alitutoka alfajiri ya Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Rodah.

Ameacha mjane wake Rodah, watoto Valary, Beverly na Kiptum, wajukuu wanne, kaka yetu Atuti, na mimi, ambaye sasa sina wa kunibishia.

Kabla sijaketi, nieleze jambo la jana. Vijana walipofika kuchimba kaburi, walimkuta Mzee Kipngeno ameshaanza, kwa jembe lake, na umri wake huo. Walipofika chini, jiwe moja lilitoka likimetameta. Kijana mmoja akapiga kelele, "Dhahabu!" Kazi ikasimama. Mzee Kipngeno akalichukua jiwe, akalipangusa kwa shati, akaligeuza juani.

"Umeona ama umesikia?" akamuuliza yule kijana. Watu wakacheka hadi wakalia, na mimi nikalia kweli.

Kisha akalitupa jiwe kando, akasema, "Dhahabu hapa hakuna. Hapa tunaweka mtu wetu. Chimbeni."

Nyagaka, hili sikusikia kwa mtu. Nilikuwa nimesimama pale, nimeona. Lala kwa amani katika mchanga wa kwenu.