Gitaa Lililomruhusu Mzee Kimya Astaafu

Mzee Kimya, fundi mkuu wa karakana ya ala katika chuo chetu cha muziki, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Safari hii ni kweli jamani. Tulishamuaga mara mbili, keki ikaliwa, na Jumatatu yake tukamkuta benchini, miwani puani, kama vile hakuna kilichotokea.

Aliajiriwa kama mtunza stoo ya viti. Siku moja alipita mlangoni mwa darasa akamwambia mwalimu kwamba gitaa analolilaumu halina kosa, bali plagi imelegea. Alikuwa sahihi, na viti vikatafutiwa mtu mwingine. Jina la Kimya hakulipata kwa upole wake. Kabla hajafungua gitaa lolote huwanyamazisha wote waliomo chumbani, na aliwahi kumnyamazisha hata mkuu wa chuo, aliyekuwa anahutubia wageni chumba cha pili.

Gitaa la umeme likiletwa linanguruma, linakwaruza au linapiga miluzi, wengi wetu tunakimbilia bisibisi. Yeye huuliza kwanza maswali matatu. Ukigusa nyuzi, mlio unabadilika? Ukipunguza sauti, unapungua? Ukihama chumba, unakufuata? Kuna mpigaji besi aliyefika hapa amenuna, kwingine ameshabadilishiwa nyuzi, sumaku na swichi, na gitaa linanguruma vilevile. Mzee akamwambia aguse nyuzi: wapi! Akamwambia aguse chuma cha tundu la plagi: likatulia tuli. Kumbe waya mwembamba unaoziunganisha nyuzi na chuma hicho, yaani “ardhi” ya umeme, ulikuwa umeachia ndani. Tone moja la risasi ya kuchomelea, kazi imekwisha. Yule bwana alikaa kwenye ngazi akicheka peke yake.

Halafu kuna ile siku amplifaya ilipoanza kutangaza mpira katikati ya mazoezi ya kwaya. Mwimbaji mmoja alitoka mbio akisema gitaa lina jini. Mzee alijua mara moja kwamba ni kebo mbovu inayonasa redio, na kebo nzima alikuwa nayo mfukoni. Aliibadilisha, ndiyo, lakini baada ya dakika ya tisini.

Sasa niseme kwa nini aliahirisha kustaafu. Sababu ni mimi, msaidizi wake. Aliwaambia wa ofisini kwamba haondoki mpaka nipate chanzo cha mlio mmoja wa ajabu peke yangu, mwanzo hadi mwisho. Mara mbili nilishindwa nikamwita. Akaja, akaupata kwa dakika tano, akaandika barua ya kuomba miezi mitatu zaidi. Mkewe, ambaye sote tunamwita Mama, kila akimletea miwani aliyoisahau nyumbani alikuwa ananiuliza kwa upole kama kweli nilisomea kazi hii. Niliumia, maana mume wake alikuwa amechoka na mapumziko yake yalikuwa mikononi mwangu.

Mwanzoni mwa mwezi huu mwalimu wa gitaa akaleta gitaa lake. Kila akipiga noti moja ya chini, inatoka na mvumo kama nyigu ndani ya chupa. Mzee akaketi, mikono mifukoni mwa aproni, mdomo kaufunga. Nikakaza nyuzi. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikasafisha swichi, nikabadilisha kebo, nikabadilisha amplifaya. Mlio uko palepale, saa tatu nzima! Jasho lilinitoka, na kidogo tu nimwite.

Ndipo nikakumbuka swali la tatu, ambalo nililiruka kama mjinga. Nikabeba gitaa na amplifaya hadi darasa la jirani, mwalimu akapiga. Safi kabisa. Basi kosa lilikuwa la chumba, si la gitaa. Tukarudi karakana, mwalimu akiirudia noti ileile, nami nikizunguka nikiweka kiganja kwenye kila kitu: dirisha, kopo la skrubu, kofia ya taa. Nilipofika juu ya kabati nikagusa boksi moja lililofunikwa kwa gazeti. Mvumo ukakoma.

Boksi lenyewe, ndugu wasomaji, ni zawadi ya Mzee ya kustaafu. Nililificha pale mimi mwenyewe siku tatu kabla. Ndani kuna nini sisemi, ila kina kifuniko chepesi, na noti ile ilikuwa ikikitikisa. Niliona haya, kisha nikacheka mpaka nikakaa sakafuni.

Mzee alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka benchini mbele yangu, akasema anakwenda kumpigia Mama simu kwamba tarehe haibadiliki tena. Nilipumua siku ile kama mtu aliyetua gunia.

Mzee wetu, asante kwa sikio lako, kwa subira yako, na kwa kukaa na mikono mifukoni siku ile. Karakana iko salama. Nenda kapumzike na Mama, muishi miaka mingi yenye afya na amani, pasiwe na mlio wa kukuamsha. Tuna ombi moja tu: Ijumaa tutakapokukabidhi lile boksi mbele ya watu wote, tafadhali jitahidi kushangaa.